Maswali na majibu: Majina ya ukoo ya Uswidi

Jina la mume wangu ni Lindberg. Mlima huo uko wapi?

Mara nyingi haupo. Lind ni aina ya mti, berg ni mlima, na watu waliunganisha vipande hivyo kwa kuwa vilipendeza masikioni, hasa mafundi na wafanyabiashara wa mijini. Ndiyo maana kuna Lindström (mkondo wa maji), Lindqvist (tawi), na pia Lundberg (lund ni kijisitu). Wakati mwingine kipande cha kwanza kilitoka kwenye jina la kijiji, lakini hilo lithibitishe kwa vitabu vya kanisa, usikisie.

Nimekutana na Lindberg mwingine kazini. Ni ndugu?

Jina pekee halithibitishi undugu. Na usimlipe mtu anayeuza “nembo ya akina Lindberg”: nembo za makabaila wa Uswidi ni za familia mahususi zilizoandikishwa Riddarhuset, yaani Jumba la Makabaila, Stockholm.

Babu Lars Persson, baba yake Per Andersson. Karani alikosea?

Swali hili linaletwa kila mara, na wanaojua bin na binti hawakupaswa kuliuliza. Persson ni ubini: Lars bin Per. Dada yake ni Persdotter, watoto wake ni Larsson na Larsdotter, na mkewe alibaki na ubini wa baba yake mwenyewe. Persson ina s mbili kwa sababu ya kwanza ni “wa” na ya pili inaanza neno son. Baadaye majina ya kudumu yalienea, na wengi waligandisha ubini waliokuwa nao. Kwa hiyo akina Andersson wawili hawana lazima ya kuwa na Anders mmoja.

Babu alikuwa askari, jina lake Modig. Baba yake na baadhi ya watoto hawana jina hilo. Kwa nini?

Kuanzia 1682, chini ya Mfalme Karl XI, kundi la mashamba, yaani rote, lilimtunza askari mmoja kwa kumpa nyumba na kipande cha ardhi. Kikosi chenye Anders Andersson watano hakiamrishiki, hivyo kila mmoja alipewa jina fupi: Modig (jasiri), Rask (mwepesi), Svärd (upanga). Alipoondoka, mrithi wake wa rote mara nyingi alipewa jina lilelile bila udugu wowote. Hapa ndipo wengi hupachika babu wa watu wengine kwenye ukoo wao. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na parokia kwanza, jina baadaye.

Ni kweli maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, walibadili majina?

Si kweli, walifuata orodha za meli. Wahamiaji walijibadilishia wenyewe. Babu wa rubani Charles Lindbergh alikuwa Ola Månsson, mbunge kutoka Skåne, kusini mwa Uswidi. Alihama 1859, miaka 33 kabla Ellis Island haijafunguliwa, akajiita August Lindbergh huko Minnesota. Ukimtafuta Lindbergh katika kitabu cha ubatizo cha parokia yake hutampata. Tafuta siku aliyozaliwa na jina la baba, kisha fuata kitabu cha kaya, husförhörslängd, kinachoonyesha familia ilitoka parokia gani na kuhamia ipi. Picha za vitabu hivyo zinatazamwa bure kwenye tovuti ya Riksarkivet, hifadhi ya taifa ya nyaraka, tangu 2018.