Jina lipelekeni dawatini polisi, msilibandike ukutani

Ndugu yangu, usichape hayo matangazo. Unataka orodha ya wabakaji ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa hapo Makorora, Tanga, irushwe na kwenye grupu la WhatsApp, halafu unauliza mabango yawe ya ukubwa gani na nani alipie. Umeandika mwenyewe kwamba jina la kwanza ni la mjomba anayeishi nyumba moja na mtoto, na kesi bado iko polisi. Mtaani kwetu tulishabandika orodha kama hiyo, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Anayeijua nyumba ya mjomba anamjua na mtoto aliyemo. Umeandika jina moja, watu wamesoma mawili. Kesho yake mtoto akitumwa dukani, wenzake wanamnyooshea kidole. Usiku ukoo unakaa kikao, na hapo hakizungumzwi tena alivyoumizwa, inazungumzwa aibu. Mama anashauriwa yaishe nyumbani. Mtoto anapelekwa kwa shangazi Lushoto "akapumzike". Kesi inaitwa, shahidi hayupo. Inaahirishwa, inaitwa tena, shahidi hayupo. Na kwenye makosa haya shahidi mkuu ni mtoto mwenyewe! Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora ni wa aliyetendewa, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu atiwe hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtu aliyekuwa anaelekea kifungo cha miaka 30, au cha maisha ikiwa msichana hajafika miaka 10, anarudi barazani kunywa kahawa kwa sababu ya karatasi yenu na gundi. Na mtoto mwingine mwenye la kusema ameshaona yaliyompata mwenzake.

Wananiudhi mno hawa wawezeshaji wa semina wanaozunguka wakisema Marekani ilitangaza majina, ubakaji ukaisha. Nasi tuliambiwa hivyohivyo, posho ikachukuliwa, mtu akaondoka. Hakusema kwamba kule ni mambo mawili. Sheria ya 1994 iliwataka waliokwisha kuhukumiwa wajiandikishe kwa mamlaka. Ya 1996, wanayoiita Megan's Law, ndiyo iliyolazimisha umma upewe taarifa. Watafiti Prescott na Rockoff waliyatenganisha hayo mwaka 2011. Waliona kujiandikisha polisi kunapunguza makosa, hasa dhidi ya watu wanaojuana na mkosaji, maana polisi wanajua pa kuanzia. Kutangaza hadharani kunawatia hofu baadhi ya ambao hawajahukumiwa, lakini waliotangazwa tayari wanaelekea zaidi kurudia: hana kazi, hana pa kupanga, hana cha kupoteza. Na New York, zaidi ya asilimia 95 ya waliokamatwa kwa makosa ya ngono hawakuwa na hukumu ya nyuma ya kosa kama hilo, yaani hata orodha ingekuwepo, majina yao yasingekuwemo. Mzazi anasoma ukuta, haoni jina la jirani, anamwachia mtoto.

Uingereza wana utaratibu wenye akili zaidi: mzazi anamuuliza polisi kuhusu mtu fulani aliye karibu na mtoto wake, na kama kuna hatari anaambiwa yeye, au mwingine anayeweza kumlinda mtoto, kwa siri. Jina halifiki mtaani.

Kwa hiyo jina lipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, pale kituo cha polisi, basi. Likitokea tukio jingine, mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mtoto afikishwe huko ndani ya saa 72, kwa sababu saa hizo zikipita dawa za kuzuia VVU hazianzishwi. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe wala zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki; kwa joto la Tanga unyevu unabaki humo, ukungu unaota, ushahidi unaoza. Kila nguo bahasha yake ya kaki, na kama ni mbichi ianikwe kwanza kivulini. Asiyejua pa kuanzia apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Huyo mtoto wa kwanza bado mnaweza kumwokoa. Wapigie watu wa steshenari sasa hivi wasichape. Kesho asubuhi nenda na mama yake dawatini, mkiwa na namba ya RB, ile mliyopewa polisi mlipotoa taarifa, mkaulize jalada limefika wapi.