Melini, Ongea na Mpishi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza hivi: "Likizo ya melini chakula kimeshalipiwa na kipo mchana kutwa na usiku kucha. Je, mtu anaweza kula vizuri akarudi na afya yake, au starehe na afya havipandi chombo kimoja?"

Mimi ni mpishi. Nimezaliwa Busia, kazi nikaisomea Jinja, nikapikia meli za kitalii kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Sasa napikia wageni Entebbe, ukingoni mwa ziwa. Jibu langu ni kwamba inawezekana, tena bila kujinyima. Wengi hulijibu swali hili kwa kumlaumu mlaji: ajizuie, asiwe mroho, ahesabu kalori. Nilichokiona mimi jikoni ni kingine. Wageni waliokula vizuri kuliko wote hawakuwa na roho ngumu kushinda wenzao. Walikuwa watu wanaosema. Walimwambia mhudumu wanachotaka, mhudumu akaja kutuambia sisi, nasi tukawapikia.

Wasiosema huishia kwenye bufee. Ukiona vyaelea vimeundwa, na bufee la melini limeundwa kwa akili nyingi. Tulipokuwa tunalipanga, mikate, pasta, wali na viazi vilitangulia, kwa sababu ndivyo vya bei nafuu na ndivyo vinavyojaza sahani haraka. Nyama ya kuchoma ilikaa mwisho kabisa, na mwenzetu amesimama na kisu anakata vipande vyembamba. Mgeni akifika pale, sahani haina tena nafasi, basi anarundika juu. Saladi zipo, na nyingine ni nzuri sana, lakini nyingi zimeshachanganywa na mayonezi tangu jikoni. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu. Ni kwamba jiko linalolisha umati hupika kwa ajili ya umati. Icon of the Seas, meli iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000. Jiko la namna hiyo litamjuaje mtu mmoja mwenye presha, asipojitambulisha mwenyewe?

Sasa kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, au huambiwa wakasahau. Nauli ileile inayokupa bufee hukupa pia ukumbi mkuu wa chakula, ule wa kukaa mezani ukahudumiwa. Wengi wanaukwepa wakidhani ni wa matajiri au kuna cha kuongeza. Kwa kawaida malipo ya ziada huwa kwenye migahawa maalumu, si pale. Na pale chakula huja kimeshapimwa. Kinaletwa kianzio, unakula, sahani inaondolewa, unaongea na wenzako, ndipo kinakuja kingine. Katikati ya hayo tumbo linapata muda wa kukuambia limetosha. Unaweza kuagiza vianzio viwili ukaacha mlo mkubwa. Unaweza kusema sosi iwekwe pembeni, viazi vya kukaanga vibadilishwe na mboga, au uletewe matunda badala ya keki. Maombi hayo tuliyapokea kila usiku na hayakumshangaza yeyote jikoni.

Kinachotufunga sisi watu wa Uganda ni malezi, na ni malezi mazuri. Ukikaribishwa kwa mtu ukapakuliwa matoke na mchuzi wa karanga, unakula na unashukuru. Kuuliza mafuta gani yametumika ni kumvunjia heshima aliyesimama motoni kwa ajili yako. Nimelelewa hivyo, na wanangu nawalea hivyo. Lakini melini hukualikwa. Umenunua huduma, na kuuliza ni sehemu ya ulichonunua.

Nasema hivi kwa sababu ya wazee wawili niliowakuta safarini, mume na mke kutoka Mbarara, waliolipiwa tiketi na watoto wao walio ng'ambo. Mzee alikuwa askari mstaafu. Usiku mmoja mhudumu, kijana wa Kifilipino, aliingia jikoni akaniambia kuna watu wa kwetu, mama amerudisha supu baada ya kuionja tu, na usiku uliotangulia alikula mkate peke yake. Nikamwomba msimamizi ruhusa, nikavua aproni, nikaenda mezani kwao. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Busia na Kinyankole, lugha ya kwao, sikijui, tukaongea Kiswahili, kile cha mzee kikiwa cha kambini, kimenyooka kama amri.

"Mama, supu ilikuwa na tatizo gani?"

"Mwanangu, haina tatizo. Nina presha, na ile ina chumvi. Msisumbuke, nitakunywa chai."

"Hatusumbuki, mama. Niambie tu unachoweza kula."

Alimtazama mumewe kwanza. Mzee akamwambia, "Sema, huyu ni mtoto wa nyumbani." Ndipo mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kama kuna samaki ambaye hajatiwa chumvi bado."

Alikuwepo. Trei ya samaki waliokwisha kolezwa ilikuwa mbele yangu, lakini kwenye friji kulikuwa na minofu mibichi isiyoguswa. Nilichukua mmoja, nikaupaka tangawizi ya kusaga, nikaulaza kwenye trei yenye matundu juu ya vipande vya limau, nikauingiza kwenye jiko la mvuke pamoja na karoti na maharagwe mabichi. Viazi nilivichemsha na maganda. Juu nikamwagia ndimu, pilipili manga na giligilani iliyokatwa wakati huohuo. Si kazi kubwa, mlo mkuu wa watu wa meza ile ulikuwa bado haujatoka. Mama alikula mnofu wote. Kuanzia usiku ule msimamizi wa wahudumu alimpelekea menyu ya kesho yake kila baada ya chakula, naye akawa anachagua mapema. Huo haukuwa upendeleo wa kupata mtu wa kwao. Mwenye mzio, mwenye kisukari, mwenye presha, wote hufanyiwa hivyo kwenye meli nyingi. Ila lazima waseme.

Na lazima waseme mapema, nieleze kwa nini. Supu ya melini hupikwa asubuhi kwenye masufuria makubwa ya mvuke, na huanza na unga wa supu ambao wenyewe una chumvi nyingi. Nyama hulala kwenye viungo tangu jana yake. Sosi hupikwa kwa pamoja. Chumvi ikishaingia, hakuna mpishi anayeweza kuitoa. Ukiniambia saa mbili usiku "nisiwekewe chumvi", ninachoweza kukuondolea ni ile ya mwisho tu, ya juu juu. Ukiniambia jana yake, nakutengea nyama yako kabla haijaguswa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Kwa supu, mkate, jibini na nyama za kukaushwa za asubuhi, kiasi hicho unaweza kukipita kabla ya saa sita mchana bila kugusa kikopo cha chumvi.

Kwa hiyo mwenye ugonjwa aandike hali yake siku anapokata tiketi, wiki kadhaa kabla ya kusafiri, kisha aikumbushe siku ya kwanza anapopanda, kwa msimamizi wa ukumbi, ana kwa ana. Karatasi peke yake hupotea njiani. Anayetumia insulini aombe friji chumbani, na dawa zake asiziweke kwenye begi linalopelekwa na wapagazi, kwa sababu begi hilo laweza kufika chumbani jioni. Kwenye meli zenye zamu mbili za chakula cha jioni, achague zamu ya kwanza. Zamu ya pili huanza karibu saa mbili au saa mbili na nusu usiku, na hadi sahani kubwa ifike, mtu wa kisukari amekaa na njaa muda mrefu mno. Siku ya kushuka bandarini abebe biskuti zilizofungwa. Matunda ya melini mara nyingi hayaruhusiwi kushushwa nchi kavu, wakaguzi wa kilimo huyachukua langoni.

Vinywaji navyo vinaniuma, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wakiharibikiwa bila kujua. Maji, chai na kahawa kwa kawaida vimo kwenye nauli. Soda na pombe vinauzwa, na meli inakuuzia kifurushi: lipa mara moja, kunywa utakavyo. Ushauri wangu ni usikinunue. Aliyekinunua hunywa ili pesa yake irudi, na soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50, na linasema nusu yake ni bora zaidi. Soda mbili umeshavuka, na keki hujaigusa. Lipia glasi moja moja, utakunywa unayoitaka kweli.

Usafi ni nusu ya kula vizuri, ingawa wengi hawauweki hapo. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, huenea upesi melini kwa sababu watu wote wanashika koleo zilezile za bufee. Ile dawa ya kupaka mikononi iliyowekwa mlangoni haiviui sawasawa. Nawa kwa maji na sabuni kabla ya kula, na baada ya kuchukua chakula ikiwezekana. Chakula cha moto kiwe cha moto kweli. Sheria tuliyofanyia kazi kwenye meli zinazoingia Marekani ilitaka kisishuke nyuzi 57, na cha baridi kisipande juu ya nyuzi 5. Wakaguzi wa afya wa kule, CDC, huingia bila taarifa na kutoa alama juu ya 100, na meli inayopata 85 au chini yake imefeli. Nimewaona wapishi wazima wakitetemeka mkaguzi akichomeka kipimajoto kwenye wali, na naona ni haki kabisa. Wewe mgeni huna kipimajoto, lakini ukiona chakula kimepoa na kukauka ukingoni, kiache, nenda ukakae mezani.

Kutembea kupo, sitaha ya kuzunguka ipo na ngazi zipo. Anayetaka atatembea.

Najua wasomaji wengi wa gazeti hili likizo yao ya majini ni ya hapahapa: boti ya Mfereji wa Kazinga, ile ya kutoka Paraa kwenda chini ya maporomoko ya Murchison, au kivuko cha MV Kalangala kwenda visiwa vya Ssese. Boti zetu za kutazama wanyama ni za saa chache tu, mlo wenyewe unakungoja hotelini ukirudi, na kule kwenye bufee ya hoteli yale niliyosema yote yanahusika. Ssese ni habari nyingine. MV Kalangala huondoka gati la Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na hufika Lutoboka, gati la kisiwani, baada ya takriban saa tatu na nusu. Ndani utapata soda na vitu vya kutafuna, hivyo beba chako: ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, karanga, na chupa ya maji. Watoto wasipande na njaa, maana mawimbi na tumbo tupu ndivyo vinavyowatapisha.

Huko kisiwani chakula kilichozoeleka ni sato mzima wa kukaanga na chipsi. Samaki ni mbichi kabisa, ametoka ziwani, nasi tunamzamisha kwenye mafuta. Na mafuta mengi ya kupikia tunayouziwa Uganda yametokana na michikichi, ambayo karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yasiyofaa moyo. Inasikitisha, kwa sababu watu wa ziwa wanajua kupika kuliko hivyo. Samaki yuleyule anachemshwa na nyanya na kitunguu, anafukizwa kwenye jani la mgomba, anachomwa kwenye makaa. Mukene mkavu, yaani dagaa wetu, ukipikwa na karanga na mboga ya nakati pembeni, huo ni mlo wa madini na protini ambao hakuna meli ya mabilioni iliyowahi kuuweka mezani mbele yangu. Na jikoni za kule ni ndogo, mpishi ni mtu mmoja au wawili, mnasikilizana mara moja.

Kwa hiyo wanaokwenda Kalangala Desemba hii: pigeni simu kwenye nyumba ya wageni asubuhi, kabla hamjaondoka Entebbe, na muombe kuongea na mpishi mwenyewe, si wa mapokezi. Mwambieni mko wangapi, nani ana sukari, nani ana presha, na kwamba samaki mnamtaka wa kuchemsha. Mkitaka luwombo, yaani kuku wa kufukizwa ndani ya majani ya mgomba, mwambieni siku moja kabla, maana majani yatafutwe, yababuliwe motoni, na kuku akae kwenye mvuke saa kadhaa. Kivuko kinatia nanga Lutoboka karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na wakati huo mafuta ya chipsi yanakuwa yameshabandikwa motoni.