Baskeli ya umeme itanifikisha Darajani?

SWALI: Shikamoo Bi. Nakaa Bububu, hapa Unguja, nauza vitambaa soko la Darajani mjini. Vespa ya marehemu baba inanimaliza kwa mafuta. Nimeoneshwa baskeli ya umeme. Itanifaa, au nitakwama njiani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Itakufaa sana. Mwaka wa pili huu natoka Fuoni kwa yangu, na magoti yangu ya miaka 61 yameshukuru. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360, hata nusu yuniti ya umeme haifiki. Ukipiga pedeli kidogo, utakwenda na kurudi, kilomita 20 hivi, na chaji ibakie. Ikikwisha, pedeli zipo. Vespa isiyo mafuta utaisukuma.

Ninachokuhofia ni chumvi. Huu upepo wetu wa bahari unakula mnyororo na vichwa vya nyaya, hauna huruma. Kila usiku mimi hufuta kwa kitambaa kikavu; mnyororo nautia mafuta kila wiki. Masika betri naichomoa, naiweka ndani. Usiichaji ikiwa imerowa, wala usiiache juani.

Vespa ya baba usiiuze, mwanangu. Siku ya kumpakia mama utaihitaji.