Mistari mitatu aliyonisomea bibi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa zamu ya kufundisha kwenye jumuiya yetu. Nikachagua Isaya 36 na 37. Senakeribu mfalme wa Ashuru anaitisha Yerusalemu, Hezekia mfalme wa Yuda anaikunjua barua ya vitisho mbele za Bwana, usiku malaika anapita kambini mwa Waashuru, asubuhi maiti 185,000. Somo kama hilo linajifundisha lenyewe. Nilijiandaa jioni moja, nikaenda kifua mbele.

Nilipofika pale pa "Hezekia hakuyumba hata kidogo", bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, miwani yake imefungwa kwa uzi, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, na pale alipomwomba radhi yule mfalme?" Nikamjibu, bibi, hakuna kitu kama hicho. Hakubishana. Akafunua Wafalme wa Pili, sura ya 18, akasoma mstari wa 14 hadi wa 16, kidole kikifuata maneno. Hezekia anatuma ujumbe kwa Senakeribu huko Lakishi, mji wa Yuda: "Nimekosa." Anatozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, talanta ikiwa kipimo cha uzito cha kale. Anakomba fedha yote ya hekaluni na ya hazina yake, bado haitoshi, anabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Macho yote kwangu. Nikababaika kwamba labda hilo ni tukio jingine. Bahati nzuri chai ikaletwa.

Nilivyorudi nyumbani nikaweka Biblia mbili mezani, moja kwenye Isaya, nyingine kwenye Wafalme. Isaya 36:1 inakwenda sambamba na Wafalme 18:13, karibu neno kwa neno. Isaya 36:2 inaendelea na 18:17. Mistari mitatu ya katikati, ile ya bibi, kwa Isaya haipo. Nilikuwa nimesoma sura zote mbili mara nyingi na sikuwahi kuona, kwa sababu nilizisoma miezi tofauti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu wa pekee, kwa anayetaka kusoma habari za Biblia kwa makini, ni huu: nunua kauntabuku, chora safu, na tukio linalosimuliwa zaidi ya mara moja liandike kwa mkono wako, kila kitabu safu yake. Usianze na vitabu vya ufafanuzi, vitakuonyesha jibu kabla hujaliona swali. Kisha usipatanishe. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tukiona tofauti tunakimbilia kuiziba, au jirani yetu asiyeamini anakimbilia kusema "mnaona, uongo", na wote wawili tunakuwa tumeacha kusoma.

Mimi niliongeza safu ya tatu, Mambo ya Nyakati ya Pili 32. Pale hakuna "Nimekosa" wala kodi. Kuna kuta zinazojengwa, chemchemi zinazozibwa ili Waashuru wasikute maji, na mwishoni watu wanamletea Hezekia zawadi za thamani. Kwenye Wafalme dhahabu inatoka Yerusalemu, kwenye Nyakati inaingia. Mwandishi wa Nyakati aliandika baada ya uhamisho wa Babeli, kwa watu wasio na mfalme tena, wanaolitazama hekalu lililojengwa upya. Watu hao walihitaji kusikia nini kuhusu mfalme aliyelitengeneza hekalu? Jiulize hivyo kabla hujauliza nani kasema kweli.

Safu ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi. Senakeribu naye aliandikisha yake. Kuna mche wa udongo, yaani nguzo ndogo ya pande sita iliyojaa maandishi, uliopatikana Ninawi, mji mkuu wake, mwaka 1830, sasa uko kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, London. Anajisifu kuteka miji 46 yenye boma, kutoa watu 200,150, na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Dhahabu anataja talanta 30, sawasawa na mistari ya bibi. Fedha anasema 800, si 300. Ila hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Na ukutani kwa jumba lake alichongesha picha ya kutekwa Lakishi, familia zinatoka na mikokoteni ya ng'ombe. Mfalme aliyeteka mji mkuu asingepamba ukuta kwa mji wa pili.

Tahadhari hapo. Niliposoma habari za mche ule nilirudi jumuiyani nikatangaza "sayansi imethibitisha". Haikuthibitisha hivyo. Habari za malaika udongo ule hauna, na mwenye mche naye alikuwa na watu wa kuwapendeza. Ni shahidi kama mashahidi wengine, naye huulizwa maswali. Hata hesabu za miaka zina mikunjo yake: Wafalme inasema Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, ilianguka mwaka wa 6 wa Hezekia, na Senakeribu alikuja mwaka wa 14. Samaria ilianguka karibu 722 KK, na vita hivi vinawekwa 701 KK. Toa mwenyewe uone. Wataalamu wanavutana mpaka leo, nami nimeacha mstari huo na alama ya kuuliza kwa penseli.

Kuna kitu kimoja nakipenda kuliko mche. Wafalme 20:20 inagusia tu mfereji alioufanya Hezekia kuingiza maji mjini. Handaki lenye urefu wa mita 533 hivi liko Yerusalemu hadi leo, unapita maji yakikufika miguuni. Mwaka 1880 yalionekana maandishi ndani yake. Hayana jina la mfalme wala la Mungu. Yanasimulia wachimbaji wa pande mbili walivyosikia sauti za wenzao kupitia mwamba, wakachimba kuelekeana hadi sururu zikakutana. Wafalme wote wana watu wa kuwaandikia, hawa walijiandikia.

Ukitaka pa kuanzia, acha Hezekia, nimeshakuharibia. Chukua kifo cha Yosia, mfalme mwingine wa Yuda: Wafalme wa Pili 23:29-30 upande mmoja, Nyakati ya Pili 35:20-24 upande wa pili. Angalia alikata roho mji gani, na nani alimwonya asiende. Andika kwa penseli.