Nipitie

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Unawezaje kushika mazoezi ya kila siku na mlo mzuri bila kurudi nyuma, na nani anakusaidia?" Jibu langu ni neno tunalolisema kila siku hapa Tanga: nipitie. Ukienda msibani unamwambia jirani, nipitie. Sokoni, nipitie. Harusini, nipitie tuongozane. Kwa afya yangu mwenyewe nilichelewa sana kulitumia. Nilikaa miaka najipangia peke yangu na kuvunja peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Kazi yangu ni ya kukaa. Wiki ya kuelekea Idi nakaa kitini tangu asubuhi mpaka usiku, nikiinuka kwa swala na kwa haja tu. Oktoba 2022 nilipimwa sukari kabla sijala kitu, ikasoma 6.6. Daktari akanieleza kwamba ikifika 7 na kuendelea, na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, hapo mtu huhesabiwa ana kisukari. "Hujaingia, mama, lakini umesimama mlangoni," akaniambia. Mama yangu mzazi aliondoka na ugonjwa huo, na kabla ya kuondoka alikatwa mguu. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima sikuona kitu ila ule mguu.

Kujaribu nilishajaribu. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa iwe siku ya watu kutoka na kuchangamsha miili. Nilitoka mwezi wa kwanza, nikatoka na wa pili. Ilikuwa raha, watu wengi, nyimbo za mchakamchaka. Lakini Jumapili yake hakuna aliyenibishia hodi, na Jumatatu vilevile, na mimi nikiachiwa uamuzi saa ya usingizi naamua kulala.

Safari hii tulianza wanne: mimi, shoga yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye genge, na mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu. Kukutana mahali tulikataa. Tulisema tutapitiana. Anayekaa mbali zaidi ndiye anayeanza, saa 12 kasoro robo, swala ya alfajiri imekwisha. Anampitia wa pili, wawili wanampitia wa tatu, watatu wananipitia mimi. "Hodi!" "Karibuni." "Hatukaribii, toka!" Kama sijawa tayari, msafara mzima unasimama gizani mlangoni kwangu, wamejitanda kanga zao, kimya. Hawanisemi. Nani anaweza kulala tena huku watu watatu wamesimama nje kwa ajili yake?

Tunavuka reli, tunashika njia ya Bombo, tunarudi. Ni kama dakika 50. Jumapili tunafika mpaka Raskazone tukaione bahari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka, kwa hiyo kwa siku 5 tu sisi tumo. Mwendo wenyewe Mwalimu anautambua kwa njia nyepesi: ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, ndio huo. Mkianza kuimba, anawahimiza muongeze hatua.

Hapo nieleze kosa letu, maana wengi watalifanya. Mwezi wa pili tuliweka faini. Asiyetoka, shilingi 500, inaingia kwenye kibubu, na shoga yangu anaandika daftarini. Tuliona tumepata dawa. Mara mtoto wa mama wa genge akashikwa na malaria, naye akauguza. Mtoto akapona, yeye akaanguka kwa homa. Siku 9 hakutoka. Daftari likasema anadaiwa 4,500. Siku ya 10 tulipobisha hodi, ndani kimya. Siku iliyofuata, kimya. Tukasema kachoka, tukaacha kumpitia.

Wiki tatu baadaye nikamkuta soko la Mgandini. Aliniona kabla sijamwona, najua, kwa sababu nilipoinua macho alikuwa amegeukia meza ya nyanya na kuinama kuchagua, anaiokota moja anaiweka, anaiokota ileile anaiweka. Mtu tuliyekula naye, tuliyezikiana, ananikimbia kwa shilingi 4,500. Nilimshika bega nikamwita, akajibu bila kunitazama: "Nitawaletea, dada, mwezi huu haujakaa sawa." Nililia pale pale sokoni, mbele ya wauza nyanya.

Jioni ile tulivunja kibubu. Daftari Mwalimu akalichana. Pesa tuliyoikuta tukanunua machungwa ya Muheza, tukaenda kwake wote watatu kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa, na mgonjwa kweli alikuwa, hatukumwendea tu. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni moja: asiyetoka siku mbili anaendewa, na anayekwenda haulizi kwa nini hukutoka. Anauliza hali. Siamini tena faini katika jambo hili, na wanaozipenda nawaomba wafikiri vizuri. Faini inamshika mwenye nacho. Mwenye shida inamfundisha kujificha, na ndiye anayewahitaji wenzake kuliko wote.

Upande wa chakula ndio mgumu, na hapo ndipo niliposadiki kwamba mtu hawezi peke yake hata akiwa na nia ya chuma. Kwetu chakula hakiishii kwa aliyekipika. Ramadhani ikiingia, magharibi hujafungua unasikia hodi, mtoto wa jirani ameshika sahani imefunikwa kawa. Ndani kaimati zimechovywa shira, bajia, sambusa. Huirudishi. Ukiirudisha umemtukana aliyeipika. Na sahani hairudi tupu, kwa hiyo na wewe unakaanga ili upate cha kurudishia. Nyumba nne zinapelekeana mafuta na sukari mwezi mzima kwa mapenzi ya dhati kabisa! Daktari akiniambia nipunguze vya kukaanga, ananiambia mimi. Sahani hazimjui daktari.

Basi kabla ya Ramadhani ya 2023 tulikaa nyumba zetu nne tukapatana. Sahani zipite kama zamani, kilichomo ndicho kibadilike. Kila nyumba ikaange kitu kimoja tu kwa siku, kwa ajili ya watoto. Kinachosafiri kiwe muhogo wa nazi, kunde, samaki wa kuchoma, papai, tikiti. (Wengine wataniuliza kuhusu nazi. Tui tumelifanya jepesi, lakini kuliacha, hapana. Sukari na karai ndivyo vilivyokuwa vikituumiza sisi.) Sahani ya nyumba isiyokuwa kwenye mapatano tukaipokea kwa mikono miwili, tukaonja kipande kimoja kimoja. Na kutembea tukakuhamishia baada ya tarawehe, dakika 30. Kumi la pili likiwa katikati, jirani wa nyumba ya tano, ambaye hatukumwambia neno, alinirudishia sahani yangu. Nilifunua kawa nikakuta papai, limekatwa vipande vizuri, limekamuliwa ndimu.

Kitu kingine ni kopo la sukari. Tulipohesabu, nyumbani kwangu watu 6 tulikuwa tunamaliza kilo moja kwa siku 4. Piga hesabu: zaidi ya gramu 40 kwa kila mtu kwa siku, kwa chai na uji tu, bado soda, bado vitumbua. Shirika lilelile la afya linasema sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Siku hizi nikifungua kilo mpya naandika tarehe juu ya kopo kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Wenzangu wanafanya hivyo kwao, na Jumapili tukirudi Raskazone tunatajiana tarehe. Hakuna anayekuja kukagua jikoni kwa mtu. Kusema tu kwa mdomo, mbele ya watu unaowaheshimu, kunatosha.

Mume wangu mwanzo hakupenda, chai yake ilikuwa ya vijiko vinne. Sikugombana naye. Nilimuuliza jambo moja: kahawa ya barazani mnainywa chungu, na mnaisifia, chai imekosa nini? Alinyamaza. Baada ya siku chache akashuka vijiko vitatu, sasa yuko kimoja. Kilo inatufikisha siku 11. Mwezi uliopita nilipimwa tena, 5.5.

Harusi bado zinatushinda, sitawaficha. Pilau, soda mbili mbili, keki, na msimu ukipamba moto ni kila wiki. Tulichoweza mpaka sasa ni kukaa pamoja, tukaomba maji mapema kabla soda hazijagawiwa, na kurudi kwa miguu kama ukumbi uko karibu. Mwenye njia bora zaidi aiandike, tutaijaribu.

Mwaka jana Mwalimu alihamia Korogwe kwa mwanawe. Tulidhani tumempoteza. Yeye akasema hapana, mtanipitia kwa simu. Kila alfajiri saa 12 kasoro robo anatubipu, nasi tunambipu, kisha kila mtu anatoka, yeye kule sisi huku. Wiki mbili zilizopita simu yake haikulia siku mbili mfululizo, na ukipiga haipatikani. Siku ya tatu nilifunga cherehani, mama wa genge akamwachia binti yake genge, tukapanda basi la Korogwe sisi watatu. Tulibisha hodi jua likianza kupanda. Mwalimu akafungua akiwa na raba miguuni, wajukuu wawili nyuma yake wanahema. Simu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji tangu Jumatatu.