Gari ya Spoti Mpya na Waranti Yake: Maswali Yenu

S: Gari ina miezi saba tu. Nikisafiri wiki mbili, nikirudi betri imekufa. Muuzaji anasema betri haimo kwenye waranti. (Mazizini)

J: Huenda kweli haimo, ila anakupeleka kando. Gari iliyofungwa, kompyuta zake zikishalala, hunywa kama miliampea 50. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, yaani 17 kwa wiki mbili. Betri nzima ya ampea-saa 60 haifi kwa hilo. Basi ama betri ni mbovu, ama kuna kitu hakilali, na hicho waranti inakihusu. Chaji mpaka volti 12.6 betri ikiwa imepumzika. Fungua boneti, funga milango, ufunguo upeleke ndani ya nyumba. Ule wa kutochomeka ukikaa karibu huziamsha kompyuta. Weka mita ya kupimia umeme kwenye ampea 10, iunganishe baina ya ncha hasi na waya wake, subiri dakika 40. Usipige stata mita ikiwa humo, fyuzi yake itaungua. Ikisoma miliampea 300 badala ya 50, kuna kitu hakilali; piga picha. Kuchomoa fyuzi moja moja kumtafuta huyo mwizi wa umeme waachie gereji ya muuzaji, wasije wakasema umechokonoa.

S: Disiki za breki zina kutu kila asubuhi, gari ya mwezi mmoja! (Chake Chake)

J: Hewa ya bahari hiyo. Hutoka ukikanyaga breki mara tano sita. La kudai ni usukani kutetemeka unapofunga breki. Pedi hazidaiwi, ni kitu cha kulika.

S: Nimenunua Dubai, wakala wa huku kaikataa waranti.

J: Waranti nyingi za Ghuba zina mipaka ya nchi. Kama kijitabu cha waranti hakitaji Tanzania, mdai aliyekuuzia.

S: Taa ya injini inafutwa gereji, baada ya wiki inarudi. Mara ya tatu sasa. (Fuoni)

J: Wanafuta ushahidi. Kompyuta huweka namba ya kosa pamoja na joto na mwendo wa wakati ule; zote huondoka na taa. Dai namba iandikwe kabla hawajagusa kitu. P0300 maana yake injini inamisi, yaani petroli haiungui sawasawa. P0420 ni katalisti ya ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi. Taa ikipepesa, zima gari hapohapo: petroli isiyoungua huichoma katalisti, kisha lawama utabebeshwa wewe. Kadi ya kazi iwe na tarehe, kilomita na namba hiyo. Ikiandikwa "iko sawa" usisaini kabla hujaongeza kwa mkono wako: "taa imerudi mara ya tatu." Wakikaidi, andika barua, nakala ipeleke Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, kadi zote tatu ukizibana nyuma yake.