Maneno ya Kiingereza yenye a, e, i, o, u kwa mpangilio huo
Yapo kadhaa. Yanayojulikana zaidi ni facetious na abstemious, kila irabu mara moja tu na kwa mpangilio. Ongeza -ly upate facetiously na abstemiously, na y nayo inakaa mwishoni kabisa, jambo zuri mno! Education na sequoia zina zote tano lakini zimechanganyika, kwa hiyo hazimo.

Usikisie, tafuta mwenyewe. Kompyuta ya Mac ina faili la maneno tayari. Fungua Terminal (programu ya kuandikia amri) uandike amri hii ya grep, inayotafuta mistari inayolingana na muundo:

grep -i '^[^aeiou]*a[^aeiou]*e[^aeiou]*i[^aeiou]*o[^aeiou]*u[^aeiou]*$' /usr/share/dict/words

Kila [^aeiou]* inaruhusu konsonanti zozote katikati, au pasiwe na kitu. Kama mpangilio si muhimu ni rahisi zaidi, unaunganisha tu, kwa mfano kupata maneno yenye q, z na k: grep q /usr/share/dict/words | grep z | grep k.

Ila orodha hiyo imetokana na kamusi ya Webster ya 1934. Imejaa maneno ya kizamani na maumbo mengi ya wingi hayamo, kwa hiyo kwa Scrabble hakikisha kwanza kwenye orodha rasmi ya mchezo.